Gobori la Kazi ya Mkono: Namna ya Kuliangalia Ukaelewa Unachokiona

Swali linalorudi sana kutoka kwa wasomaji wa Kigali ni hili: mtu anawezaje kuliangalia gobori la kazi ya mkono akajua kama aliyelitengeneza alikuwa fundi kweli? Wengine wameona video za mafundi wa Marekani wanaofua kasiba na kuchonga vitako kwa patasi. Wengine wana wajomba Tabora au Kigoma, na ukutani kwao liliwahi kuning'inia gobori la babu. Wengine wamepita makumbusho, wakaona bunduki ndefu nyuma ya kioo, wakasoma kibao cha maneno machache, wakaondoka.

Jibu langu ni fupi: angalia pale mbao inapokutana na chuma. Nakshi, fedha na shaba viache mwisho. Yanayofuata ni maelezo ya namna ya kufanya hivyo, pamoja na maonyo ambayo huna budi kuyasoma kwanza.

Kabla hujagusa chochote

Gobori ni bunduki inayojazwa kwa mdomo. Baruti humiminwa, risasi hufuata, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Hapo ndipo ilipo hatari yake. Bunduki za kisasa unaweza kuzifungua nyuma ukaona kama zina risasi. Gobori halifunguki, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haichachi. Magobori yaliyowekwa makabatini miaka mingi yamekutwa bado yana mshindilio ndani.

Kwa hiyo:

- Kila gobori lichukulie kuwa limeshindiliwa, hata kama mwenyewe anakuapia kuwa halina kitu.
- Mdomo wa kasiba usielekee mtu, hata kwa kupiga picha.
- Usivute nyundo ya mtambo wala usiifyatue "kusikia mlio". Ukiacha hatari, nyundo ikigonga pakavu huharibu kifa au kuvunja jiwe.
- Kama lazima lipimwe, kazi hiyo ni ya mtunzaji wa makumbusho au askari aliyefunzwa. Hutumbukiza mdeki hadi ukome, huweka alama mdomoni, kisha huulaza juu ya kasiba. Mdeki ukiishia mbali na kifa, ndani mna kitu.

Sheria nayo haina mzaha. Nchini Rwanda kumiliki silaha ya moto bila kibali ni kosa, na usidhani ukongwe wa gobori utakuokoa. Kuvuka nalo mpaka wa Rusumo au Gatuna kwa sababu ni urithi wa ukoo ni kujitafutia jela. Nchi za ukanda huu, Rwanda ikiwemo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 kudhibiti silaha ndogo. Ukikuta gobori darini au kwenye nyumba inayobomolewa, usiliinue. Wasogeze watoto, piga 112, waite polisi.

Makala hii basi ni ya kuangalia. Huhitaji kumiliki gobori wala kulipiga ili uelewe kazi iliyomo.

Majina ya sehemu, ili tuende pamoja

- Kasiba: bomba la chuma ambamo risasi hupita. Tundu la mbele ni mdomo.
- Kitako: mbao yote, hasa ile inayokaa begani. Sehemu nyembamba inayoshikwa na mkono wa kulia nitaiita shingo.
- Mtambo: mashine ndogo ya ubavuni yenye nyundo na springi.
- Kifa: mahali moto unapoingilia kuifikia baruti.
- Mdeki: fimbo ya kushindilia, hukaa chini ya kasiba.

Kwa namna ya kuwasha kuna aina tatu kuu. Bunduki ya mrao huwashwa kwa utambi unaofuka. Ya gumegume huwashwa kwa cheche za jiwe. Ya fataki kwa kikombe kidogo kinacholipuka kikigongwa. Ndani ya kasiba nako kuna tofauti kubwa kuliko zote hizo. Nyingine ni laini tupu, nyingine zina mifereji inayozunguka kutoka nyuma hadi mdomoni, ili risasi itoke ikizunguka na kwenda sawa.

Magobori mengi yaliyofika Afrika Mashariki yalikuwa ya kasiba laini, na sheria ilichangia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji. Ndiyo maana viwanda vya Liège, Ubelgiji, viliendelea kutengeneza gumegume za biashara wakati Ulaya yenyewe ilikuwa imeshaziacha. Ukikutana na gobori la aina hiyo, usilidharau kwa sababu ni la biashara, lakini usilipe sifa ambazo fundi wake hakuzitafuta.

"Rwanda hatukuwa na magobori. Nianzie wapi?"

Pingamizi hili lina haki. Wafanyabiashara wa pwani waliojaza bunduki Unyamwezi enzi za mtemi Mirambo hawakupata njia ya wazi kuingia Rwanda. Mfalme Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, aliongoza majeshi ya mikuki na pinde. Mwaka uliofuata, huko Shangi, mikuki hiyo ilikutana na bunduki za askari waliotoka Kongo, na mikuki ikashindwa. Gobori halikupata nafasi hapa kama kwa majirani.

Lakini jicho la kupima ufundi halihitaji gobori ili lifunzwe. Nenda Gakinjiro ya Gisozi, jijini Kigali. Mafundi wa mbao na mafundi wa vyuma wamepakana pale, na unachotaka kujifunza ni kile kile. Mwombe fundi seremala akuoneshe kiungo cha mguu wa kiti alichokifanya kwa haraka na kingine alichokifanya kwa mteja anayekagua. Weka ukucha kwenye kiungo. Ukucha ukiingia, umeshajua. Kisha siku nyingine nenda Makumbusho ya Ethnografia, Huye, usimame mbele ya mikuki iliyofuliwa kwa nyundo, uangalie uti wa jani la mkuki kama umenyooka kutoka shinani hadi nchani. Mhunzi aliyeweza hilo bila mashine, kwa moto na jicho lake tu, angeelewana haraka na mfua kasiba wa nchi yoyote.

Hatua za kuliangalia gobori

*Hatua ya kwanza: simama mbali.* Rudi nyuma hatua tatu au nne. Fuata kwa macho mstari wa chini, kutoka kitakoni, kupitia shingo, hadi mdomoni. Gobori zuri lina mstari mmoja usiokatika. Kwenye gobori baya utaona mahali fundi alipobadilisha nia: uvimbe karibu na mtambo, shingo nene kama mpini wa jembe, mbele kwembamba ghafla. Wanaoanza huruka hatua hii kwa sababu wana hamu ya kuona nakshi.

*Hatua ya pili: mbao na chuma.* Hapa kaa muda mrefu, na nitaeleza kwa nini.

Mtambo hauwekwi juu ya mbao. Unazama ndani yake. Fundi hupaka chuma masizi yaliyochanganywa na mafuta, hukibonyeza mahali pake, kisha hukiinua. Penye doa jeusi ndipo mbao imezidi. Hukwangua kwa patasi unyuzi mwembamba kuliko karatasi, hupaka tena, hubonyeza tena, huinua tena. Hurudia hivyo mpaka chuma chote kiache weusi sawasawa, maana yake kimegusa kila mahali. Akikwangua mara moja zaidi ya inavyotakiwa, pengo limebaki maisha yote, kwa kuwa mbao iliyoondolewa hairudi. Kasiba nayo hulazwa vivyo hivyo, urefu wote.

Kwa hiyo chunguza:

- Ukingo wa bamba la mtambo: je, mbao imelikumbatia pande zote, au kuna mstari mweusi wa pengo?
- Nyuma ya kasiba, kwenye kona: kona kali za mbao zisizomeguka ni dalili ya patasi kali na mkono mtulivu.
- Rangi ya kujazia. Nta iliyotiwa rangi, gundi na unga wa mbao ni siri za fundi aliyekosea. Tochi ikimulika kwa ubavu, siri hizo hung'aa tofauti na mbao.

Usiamini picha ya mbele. Nuru inayopita kwa ulalo juu ya kiungo ndiyo inayosema kweli. Makumbusho mengi hukataza mwanga wa kamera. Omba ruhusa kutumia tochi ndogo.

Kazi hii si ya urembo tu. Bunduki ikilipuka, kasiba husukuma nyuma kwa nguvu, na mbao iliyoshika vizuri huupokea msukumo huo kwa eneo lake lote. Iliyoshika mahali pawili tu hupasuka.

*Hatua ya tatu: nyuzi za mbao.* Angalia shingoni. Nyuzi zifuate mkunjo wa shingo kwa urefu. Zikikata shingo kwa upana, kitako kitavunjika hapo, hata kama kinapendeza namna gani. Mafundi wa Pennsylvania wa karne ya 18, kama Jacob Dickert wa Lancaster, walipenda mti wa mepo wenye mawimbi. Waingereza walipenda mti wa jozi. Kila mti una tabia yake, lakini kanuni ya shingo ni moja kwa yote. Ukiona bati au waya uliofungwa shingoni, jua palivunjika pakatengenezwa. Matengenezo si aibu. Yaliyofanywa kwa unadhifu ni sehemu ya historia ya gobori.

*Hatua ya nne: kasiba.* Nyingi za kazi ya mkono zina pembe nane kwa nje. Chungulia kwa urefu, kutoka nyuma kwenda mbele, bila kuweka uso mbele ya mdomo. Kila ubapa uwe na nuru moja iliyonyooka. Nuru ikiyumba, tupa iliyumba. Kasiba nyingine zilitengenezwa kwa vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa na kuunganishwa motoni, zikaacha michoro kama mawimbi. Hapa kuna mtego: michoro hiyo iliigizwa pia kwa rangi au asidi kwenye kasiba za bei rahisi. Mchoro wa kweli huendelea chini ya mbao na kwenye mikwaruzo. Wa kuigiza huishia juu juu.

*Hatua ya tano: mtambo.* Kama mtunzaji atakubali kuuendesha, sikiliza. Springi nzuri huvutika laini, kisha nyundo hushika kwa mlio mmoja mkavu, ikivutwa nusu na ikivutwa kamili. Mlio wa kukwaruza ni wa meno yasiyopigwa tupa vizuri. Angalia na vichwa vya skrubu: vikiwa vimetafunwa, wengi wasiojua kazi wamepita hapo.

*Hatua ya sita, ya mwisho: nakshi.* Uliza kila pambo lina kazi gani. Bunduki za mrao za Oman, ndefu na nyembamba, zina pete za fedha zinazometa kutoka mbali, lakini pete hizo ndizo zinazofunga kasiba kwenye mbao. Pambo linalofanya kazi lina heshima yake.

Ubora usioonekana

Wasomaji hupenda mfano wa kwetu, na uko karibu. Mwezi Februari mwaka 1862, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda na zawadi nyingi. Mojawapo ilikuwa bunduki ya Whitworth, ya kushindilia kwa mdomo, kutoka kwa Joseph Whitworth wa Manchester. Huyu ndiye mhandisi aliyependekeza kipimo kimoja cha nyuzi za skrubu mwaka 1841, na aliyetengeneza mashine ya kupima hadi sehemu ya milioni ya inchi. Kasiba yake haikuwa na mifereji ya kawaida. Tundu lake lilikuwa la pembe sita, lenye upana wa takriban milimita 11.5, na lilijizungusha duara zima kila baada ya takriban sentimita 50. Tarehe 2 Julai 1860, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kulenga shabaha ya Wimbledon kwa kuvuta kamba ya bunduki ya aina hiyo iliyofungwa kwenye kiweko, na risasi ikaingia karibu kabisa na kitovu cha shabaha, yadi 400 kutoka hapo.

Bunduki ile haikuhitaji nakshi. Sifa yake ilikuwa ndani ya tundu. Nawaambia hivi wale wanaodhani kazi nzuri lazima imete.

"Lakini hii si silaha? Tuisifu hapa Rwanda?"

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na anayeuliza ana sababu. Sitalikwepa.

Speke huyo huyo ameandika kwamba Kabaka alishindilia moja ya bunduki alizopewa, akampa kijana wa ikulu atoke nje akaijaribu kwa kumpiga mtu, na kijana akarudi akifurahia. Mtu yule aliyeuawa hakutajwa hata jina. Kila anayelisifu gobori anapaswa kuikumbuka habari hiyo. Magobori yaliwinda watu wa kuuzwa utumwani kutoka Ujiji hadi Manyema.

Msimamo wangu ni kwamba kuujua ufundi hakumaanishi kusahau matumizi. Lakini kuna mipaka ninayoomba ishikwe:

1. Usijipige picha ukilenga, hata kwa gobori bovu. Nchini mwetu kuna watu ambao picha hiyo inawaumiza.
2. Usimwoneshe mtoto mtambo bila kumweleza mtambo huo ulifanya nini.
3. Makumbusho yakieleza nani aliuawa, soma hilo kwanza, kisha ndipo uangalie mbao.

Makosa ya kawaida

- *Kusugua.* Msasa, brashi ya waya na unga wa kung'arishia shaba vimeharibu magobori mengi kuliko kutu. Rangi ya kahawia ya kasiba kongwe ni ngozi yake, na alama za fundi hufutika nayo.
- *Kushika kwa mikono mitupu.* Chumvi ya jasho huacha alama za vidole zinazogeuka kutu. Vaa glavu.
- *Kuamini tarehe na mihuri.* Magobori yanayouzwa kwa watalii, mengi kutoka Asia, hupigwa neno "Tower" na taji. Herufi N iliyogeuzwa au tahajia mbovu ni ishara ya wazi ya kuigiza.
- *Kutotafuta alama za majaribio.* Kasiba halali zilipigwa kwanza na baruti nyingi kupita kiasi, zikinusurika zikagongwa muhuri. Za Liège zina herufi ELG na nyota ndani ya umbo la yai. Taji liliongezwa juu yake mwaka 1893. Kwa hiyo gobori la Liège lenye taji juu ya herufi hizo halikutengenezwa enzi za Speke, aseme muuzaji asemavyo.
- *Kuchanganya werevu na usalama.* Wahunzi wa vijijini wameunda magobori kwa mabomba ya maji. Nautambua werevu wao. Lakini bomba la maji halikukusudiwa kuhimili baruti. Hupasukia usoni mwa mpigaji. Hilo halina mjadala.

"Mashine si zinafanya vizuri zaidi?"

Kwa usawa wa vipimo, ndiyo, na Whitworth ni ushahidi. Lakini gobori la kuagizwa na mtu mmoja lilipimwa kwa mwili wake: urefu wa mkono, upana wa bega, shingo ya kitako kwa kiganja chake. Ukitaka kuona kazi nzima ikifanywa kwa mkono, tafuta filamu ya mwaka 1969 inayomwonesha Wallace Gusler wa Colonial Williamsburg, Virginia, akitengeneza bunduki kamili kuanzia ubapa wa chuma unaokunjwa motoni kuwa kasiba. Iangalie mara mbili: mara ya kwanza fuata chuma, mara ya pili fuata mikono.

Mahali pa kuyaona

- Muscat: Bait Al Zubair, na Makumbusho ya Taifa ya Oman yaliyofunguliwa mwaka 2016. Walio kazini Ghuba wasikose bunduki za mrao zenye pete za fedha.
- Liège: Grand Curtius ina mkusanyiko mkubwa wa silaha. Ndugu zetu walioko Ubelgiji wanafika kwa treni, na wataona zilikotoka bunduki nyingi zilizoletwa Kongo.
- Leeds, Uingereza: Royal Armouries.
- Williamsburg, Marekani: karakana ya mafundi bunduki, ambako unaruhusiwa kuangalia na pia kuuliza.

Popote utakapokwenda, utakuta gobori limewekwa upande wa mtambo ukiwa mbele, kwa kuwa ndio upande wa maonesho. Mwombe mtunzaji akuoneshe upande wa pili. Huko hakuna nyundo wala jiwe, kuna bamba dogo, skrubu mbili, na mbao tupu, na huko ndiko fundi mvivu alikoacha mapengo yake akidhani hakuna atakayeangalia.